Kupanda Mlima Rungwe mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea: twende au tuahirishe?

Mwalimu wa Baiolojia

Wakuu, habari za muda huu.

Nafundisha Baiolojia sekondari hapa Mbeya, huu ni mwaka wa sita. Kila nikienda ukweni Kyela, gari likishamaliza kupandisha milima ya Poroto na kuanza kuteremka upande wa pili, nakaa dirisha la kushoto niutafute Rungwe. Mara nyingi siuoni. Naona migomba, naona chai, halafu ukuta wa mawingu.

Darasani nawasimulia watoto habari za kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 kwenye mlima huu huu, wakamtangaza rasmi 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi (kundi la kisayansi) yake peke yake, Rungwecebus. Nachora ubaoni ile shungi ya nywele iliyosimama kichwani. Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, wewe umeshafika anakoishi?" Nikamjibu bado. Swali lile halijatoka kichwani mwangu mpaka leo.

Sasa tumepanga twende siku za Pasaka, mwanzoni mwa mwezi wa nne, maana ndiyo nafasi pekee tuliyo nayo wote. Tuko watano: mimi, walimu wenzangu wawili, shemeji yangu na mwanawe wa miaka 17. Shemeji aliwahi kufika Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, na anasema Rungwe yenye mita kama 2,960 ni ya kwenda asubuhi na kurudi kula mchana. Ila mama mkwe anasema mwezi wa nne kule hata wenyeji hawapandi. Nimebaki katikati.

Naomba kujua kwa waliopanda kweli: mvua inazuia au inachelewesha tu? Tupitie upande wa Isongole au wa Tukuyu? Viatu gani? Na je, kijana wa miaka 17 anaweza?

Nawasilisha.

Msafiri wa Kusini

Nendeni tu mkuu. Mimi nilipanda katikati ya mwezi wa nne, tulikuwa wanne na mwenyeji mmoja. Tuliingia kutokea Isongole saa moja asubuhi, saa kumi jioni tuko barabarani tunakunywa chai. Matope yapo, utateleza, utaanguka mara kadhaa, lakini hakuna aliyekufa kwa matope. Koti la mvua, viatu vyenye meno, maji lita mbili kila mtu. Mkisubiri mvua iishe Rungwe mtazeeka mnasubiri.

Mtoto wa Isongole

Mwalimu, karibu nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Isongole, mzee wangu analima viazi mpaka leo, na mwaka huu natimiza miaka kumi na moja nasindikiza watu Mlima Rungwe na Ziwa Ngozi. Naandika kwa kirefu, nivumilie.

Nianze na shemeji. Kufika Uhuru ni jambo kubwa, simpunguzii. Lakini kule anapanda siku kadhaa, ana wapagazi, ana mahema, na njia imekanyagwa na maelfu ya watu. Rungwe unapanda na kurudi siku hiyo hiyo, mgongoni una ulichobeba mwenyewe, na njia yenyewe sehemu nyingine ni upana wa nyayo mbili. Kinachowamaliza watu Kilimanjaro ni hewa. Kwetu ni maji na baridi vikikutana mwilini.

Mvua yenyewe uielewe inatoka wapi. Upepo unavuka Ziwa Nyasa, unabeba unyevu, unagonga mlima upande wa kusini mashariki na kulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga. Ndiyo maana miteremko ile inaweza kupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Upande wetu wa kaskazini ni mkavu kidogo, na hilo ndilo jibu la swali lako la njia: kwa mwezi wa nne, ingieni kwa Isongole. Msiende kwa kuangalia anga la Mbeya mjini. Mara ngapi nimepokea wageni waliotoka mjini kwenye jua kali wakashuka kwenye Coaster hapa wakiwa na fulana za mikono mifupi, huku sisi tuna makoti na gambuti toka alfajiri.

Baridi nayo ina hesabu yake. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi sita na nusu hivi. Kwa hiyo Tukuyu pakiwa na nyuzi 17 asubuhi ya mawingu, kileleni ni nane au tisa. Nyuzi nane ukiwa mkavu ni kawaida. Nyuzi nane ukiwa umelowa mpaka chupi na upepo unakupiga, hapo ni habari nyingine kabisa.

Njia: chini ni udongo mweusi wa volkano, laini, unakunywa maji kama sifongo na ukishashiba unateleza kama sabuni. Ndani yake kuna tabaka za mawe meupe mepesi yaliyorushwa na mlima zamani, wataalamu wanasema mlipuko mkubwa ulikuwa kama miaka 4,000 iliyopita. Okota moja uliweke kwenye dimbwi, litaelea. Watoto wanalipenda sana hilo. Lakini ukilikanyaga kwenye mteremko linazunguka chini ya kiatu kama punje ya njegere. Halafu inakuja mianzi. Mianzi iliyolala njiani ikilowa ni mibaya kuliko matope, kwa sababu unaiona ngumu unaiamini. Kanyaga katikati ya mianzi, usikanyage juu yake. Na usiushike mwanzi uliovunjika unapoanguka, unakata kama wembe.

Sasa ngoja nikusimulie siku moja ya mwezi wa tatu, miaka minne iliyopita, ndipo utaelewa kwa nini naandika hivi.

Walikuja vijana watatu, wenye nguvu kunishinda mimi. Mmoja amevaa jinzi. Niliiona ile jinzi asubuhi pale barabarani na sikusema neno, kwa sababu alikuwa ameshalipa na sikutaka kumwaibisha mbele ya wenzake. Kosa hilo ni langu, na sijalirudia. Tukapanda vizuri, wanaimba. Mvua ikaanza tukiwa kwenye mianzi, wala haikuwa kubwa, manyunyu tu yale yasiyokatika. Saa saba tukatoka juu kwenye majani na vichaka, pasipo mti wa kukinga upepo. Tukasimama tule.

Nikampa yule wa jinzi pakiti ya biskuti. Akaigeuza, akaigeuza tena, akatafuta ule uzi mwekundu wa kufungulia asiupate. Akaivuta kwa meno. Ikamshinda, akaiweka kwenye majani, akasema hana njaa. Nikamtazama vidole: vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa, na havikunji sawasawa. Nikamwambia funga zipu ya koti. Akaishika ile zipu kwa mikono miwili, akaitazama, halafu akaiachia, kana kwamba amesahau alikuwa anataka kufanya nini. Kilele kilikuwa kama nusu saa mbele. Wenzake wakasema tumalizie, yeye atusubiri pale pale. Nikakataa. Mtu wa hivyo ukimwacha akae, hutamkuta alivyo.

Tukageuka. Na hapo nikafanya kosa la pili. Mmoja akakasirika kwa kukosa kilele, akatangulia kushuka kwa haraka, nami nikawa nimemshika mgonjwa begani, sikumwita arudi mapema. Ndani ya mianzi kuna vinjia vya watu waliokuwa wakikata mianzi na kupasua mbao zamani. Kwenye ukungu vinafanana na njia halisi, na vingine ndivyo vinavyoonekana vizuri zaidi. Akaingia kimojawapo. Tukaita, hatujibiwi. Ukungu mzito na mvua kwenye majani vinameza sauti, unapiga kelele na unahisi umeinong'oneza fulana yako. Nikapuliza filimbi, mara tatu, nasikiliza, mara tatu tena. Baada ya muda mrefu nikasikia tok, tok, tok. Alikuwa amekaa kwenye korongo anagonga mwanzi kwa jiwe. Mwanzi mtupu unapiga mlio unaofika mbali kuliko koo la mtu. Hakufundishwa na mtu, aliwaza mwenyewe, na ndicho kilichomtoa.

Tulifika barabarani saa mbili usiku. Kina mama wanaouza viazi pale walivua khanga na mablanketi yao wenyewe wakamfunika yule kijana. Alipona. Lakini mimi usiku ule sikulala.

Kwa hiyo Mwalimu, jibu langu kwa mwezi wa nne ni hili: mkija, wekeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, mkiwa wakavu na akili zimetulia. Mimi naweka saa sita mchana. Popote mlipo, hata kilele mnakiona, saa sita mnageuka. Saa kumi na moja jioni ndani ya msitu ule pameshakuwa giza, hata kama barabarani bado pana mwanga. Na watu watano washuke watano, mwendo wa aliyechoka kuliko wote.

Msafiri wa Kusini, sikupingi kwamba ulipanda salama. Nataka tu kukuuliza, siku ile mvua ilianza saa ngapi?

Msafiri wa Kusini

Mkuu umeniuliza vizuri, nijibu kwa ukweli. Mvua ilianza tukiwa tumeshafika chini, kwenye mashamba ya viazi. Juu tulikuta ukungu tu, na hatukuona chochote, hata crater, lile shimo la volkano, hatukuiona. Sasa nikisoma hiyo ya biskuti najiuliza tungefanya nini, maana hatukuwa na nguo za kubadilisha hata mmoja.

Muuguzi Mstaafu

Mwalimu na wengine, habari zenu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 33, sehemu kubwa nyanda hizi hizi za juu kusini. Hapo alipoeleza ndugu yetu wa Isongole kuhusu zipu, naomba niongeze, maana watu wengi hawaamini kwamba baridi inaua Tanzania.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni hatari. Haihitaji theluji. Mvua, upepo, nguo zilizolowa na uchovu vinatosha. Mwili kwanza unatetemeka, na kutetemeka ni jambo jema, ni mwili unajipasha. Vidole vinakufa ganzi, mtu anajikwaa, anaongea kama amelewa, anakuwa mkali au ananyamaza kabisa. Kisha kutetemeka kunakoma. Hapo ndugu zake wanafurahi, wanasema sasa ametulia. Hapana jamani. Akiacha kutetemeka na bado amelowa, mwili umeishiwa kuni.

Kipimo chepesi njiani: mwambie kila mtu agusanishe kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huo huo. Asiyeweza, ameshaanza kupoa. Fanyeni kila mnaposimama, wote, hata mkubwa wenu, hata shemeji aliyefika Uhuru. Kijana wa miaka 17 anaweza kupanda, lakini mtazameni yeye zaidi, kwa sababu vijana hawasemi. Ataona aibu mbele ya baba yake.

Ikitokea: mtoeni kwenye upepo. Vueni nguo mbichi, mvalisheni kavu, kofia kichwani. Asikae kwenye ardhi tupu, mwekeeni mabegi, majani makavu kama yapo, chochote. Mfunikeni pamoja na mtu mwingine mwenye joto, kifua kwa kifua, juu yao nailoni. Kama anaweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Kama hawezi, msimnyweshe kitu. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe kwapani na kifuani, isigusane na ngozi.

Na haya msifanye, maana nayaona kila mara. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Msimpe pombe. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, mtu anahisi joto huku joto la ndani linakimbia. Nimepokea mzee mmoja aliyetolewa porini, ndugu zake walimpa gongo kwa mapenzi mema kabisa, na walilia sana baadaye.

Hifadhini namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji kwenye simu zenu. Simu iwe imezimwa na imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mbili kati ya tano zisiguswe kwa picha.

Mwalimu wa Baiolojia

Ahsanteni sana, hasa mama yetu muuguzi na kaka wa Isongole. Nimemsomea shemeji maelezo yote kwa sauti jana usiku. Pale kwenye zipu alinyamaza. Kisha akasema yeye mwenyewe Kilimanjaro alifungiwa kamba za viatu na mpagazi, na hakuwahi kutuambia.

Bado nina maswali. Mvua ikitukuta msituni, si tujibanze chini ya mti mkubwa tusubiri ipungue? Radi je? Na kuna aliyeniambia tuache Rungwe twende Ngozi badala yake, kwamba ni fupi. Nguo pia sijaelewa vizuri, kama jinzi haifai tuvae nini sisi wa mishahara ya ualimu?

Mtoto wa Isongole

Nianze na nguo kwa sababu ni rahisi. Nenda mitumba. Tafuta fulana za michezo za poliesta, sweta la sufu hata kama limechakaa, na lile koti jepesi lenye manyoya ya kutengenezwa ndani. Sufu na poliesta vikilowa unavikamua unavaa, bado vina joto. Pamba ikilowa inashika maji na kuyalaza mwilini mwako, na jinzi ni pamba tupu. Suruali ya mazoezi inatosha. Kila mtu abebe seti moja kavu, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni, na isiguswe mpaka kuna shida. Ukiivaa mapema kwa sababu unajisikia vibaya, utakuwa na seti mbili mbichi. Viatu, wageni wanashangaa, lakini wakulima wetu wanapanda na gambuti na mara nyingi wanawazidi wenye viatu vya bei kubwa. Kama hujazizoea zitakukwangua, hivyo kiatu chochote kinachobana kifundo na chenye meno, soksi mbili. Fimbo njoo nayo, msikate mianzi, ile ni hifadhi na mlinzi akikukuta ana haki ya kukushika.

Kujibanza chini ya mti: dakika tano kula, sawa. Zaidi ya hapo mnapoa. Mvua ya kwetu ya mwezi wa nne haina adabu ya kupita, inaweza kukaa kutwa. Mwili unaotembea una moto, uliosimama hauna. Mkishindwa kuendelea kupanda, shukeni, lakini tembeeni. Na angalieni chini mnaposimama, siafu msimu wa mvua wanahama, wamewahi kunipandia mgeni mpaka kiunoni akiwa anapiga picha.

Radi: ukiona mwanga hesabu. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikifika chini ya sekunde thelathini, hamna kazi juu kwenye uwazi, rudini msituni, na msijikusanye chini ya mti ulio peke yake. Mara nyingi zinaanza mchana, ndiyo sababu nyingine ya ile saa sita.

Ngozi ni nzuri na ni fupi kweli. Mnashuka kwenye gari pale Mchangani, mnatembea kwenye mashamba kisha msituni mpaka ukingo wa crater, chini yake ndiyo ziwa, urefu wake kama kilomita mbili na nusu. Nusu siku inatosha. Ila mwezi wa nne mnaweza kufika ukingoni mkaona maziwa meupe ya ukungu tu, na msidanganyike kushuka mpaka majini kukiwa kumelowa. Ule ukuta unateremka kwa urahisi, kuupanda ndiyo taabu.

Sasa Mwalimu, nilikuwa nasoma tena swali lako la kwanza, na kuna kitu nilikiruka. Wewe hukuandika unataka kilele. Uliandika kwamba yule mtoto alikuuliza kama umefika anakoishi kipunji.

Kipunji haishi kileleni. Kwenye milima yetu hii wanakaa kama mita 1,750 hadi 2,450, kwenye msitu wenyewe, juu ya miti mirefu. Huko juu kwenye majani na upepo, pale aliposhindwa kufungua biskuti yule kijana, hakuna kipunji hata mmoja. Unachokitafuta utakipita asubuhi saa mbili ukiwa unakimbilia kitu kingine.

Kumwona sikuahidi. Wako wachache sana, hesabu iliyotangazwa 2008 ilipata kama 1,100 tu kwa jumla, hapa kwetu, milima ya Livingstone na kule msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mimi mwenyewe kwa miaka yote hii nimewaona vizuri mara chache. Lakini kuwasikia inawezekana. Ni mlio mzito, kama honi ya lori la zamani imechanganyika na mbwa anayebweka, unatoka juu ya miti na huoni kitu. Wazee wetu walimjua kwa mlio huo na walikuwa na jina lake kabla ya mtafiti yeyote kufika, ila walipowaambia watu hawakuaminiwa. Waambie watoto hilo pia.

Kwa hiyo ushauri wangu: njooni Pasaka, ombeni kibali cha TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, mapema kwa kuwa ndio wasimamizi wa hifadhi, chukueni mwenyeji, mimi au mwingine. Tuingie msituni alfajiri, tutembee taratibu, tukae kimya, tusikilize, na kabla hatujatoka kwenye msitu tugeuke. Kilele njooni mwezi wa tisa, njia ikiwa imekauka, na siku nzuri utaliona Ziwa Nyasa.

Muuguzi Mstaafu

Hapo umenena mwanangu.

Mwalimu wa Baiolojia

Kaka, nimekaa na hii simu mkononi kwa muda. Ni kweli. Kilele nilikiongeza mimi mwenyewe baada ya kuongea na shemeji.

Tumekubaliana wote. Pasaka ni msitu tu, kugeuka saa sita hata kama mvua haijanyesha tone. Mwezi wa tisa tutaomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Shemeji ameshanunua sweta mbili za sufu soko la mitumba, moja ya kijana wake. Kibali nafuatilia Jumatatu.

Swali la mwisho, dogo. Nataka kuandika kila tutakachokiona na kukisikia, saa na mahali, nikawasomee darasani. Kwenye mvua hiyo nitaandikaje?

Mtoto wa Isongole

Penseli. Wino mwingi ukilowa unakimbia, penseli inabaki hata karatasi ikiwa mbichi. Daftari dogo la kuingia mfuko wa shati, ulifunge ndani ya nailoni, na penseli uitie uzi uivae shingoni, kwa sababu ikidondoka kwenye yale majani hutaiona tena. Njoo nazo mbili, moja mpe kijana.

Laleni Isongole usiku wa kuamkia, msitoke mjini siku ile ile. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa pale barabarani wanapouza viazi. Nguo za kurudia mtawaachia wale wale kina mama, wanajua kuzitunza.

Ndaga fijo (asante sana, kwa Kinyakyusa), Mwalimu.